Milango ya Jovnna

Simu ya reli ilipolia, nilichukua kisu.

Ndivyo tulivyozoea. Treni ya kubeba mawe ya chuma ikigonga kulungu tunaowafuga huku kaskazini, ofisi inapiga simu na kutaja mahali, nasi tunakwenda kuwamaliza waliovunjika miguu na kuwaburuta waliokufa. Asubuhi ile ya Machi kijana wa ofisini alisema treni imegonga mnyama karibu na kijito, njooni mumwondoe. Nilimpigia kaka yangu Jovnna, hakupokea. Nikanung'unika kwamba ameniachia kazi chafu, nikafunga turubai kwenye sleji ya kuburuta mizigo thelujini, nikawasha pikipiki ya theluji.

Kwanza niliona beleshi lake, limechomekwa kwenye ukuta wa theluji. Nyayo za kulungu wawili zilitoka relini, zikapita kwenye uwazi aliouchimba, zikaingia msituni. Wao walipona. Aliyelala kando ya reli alikuwa kaka yangu, nami nimesimama juu yake na kisu mkononi.

Nimemlilia Mungu tangu siku hiyo, na si kwa upole. Naamini Yeye anaweza kuistahimili hasira yangu. Watu wa reli sijui.

Jovnna hakuoa. Alikunywa kahawa yenye vipande vya jibini ndani, hakuonja pombe maisha yake yote, na katika nyumba yetu ya maombi ndiye aliyeanzisha nyimbo, ingawa sauti yake ilikwaruza kama mlango mbovu. Kazi yake ilikuwa kulungu. Lakini majira ya baridi alikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyempa.

Treni inayosafisha njia husukuma theluji pande zote mbili, mpaka kuta zinampita mtu kimo. Kulungu hupenda relini kwa sababu pana sakafu ngumu. Treni ikija, hawana pa kutokea; wanakimbia mbele yake katikati ya kuta hadi iwafikie. Basi kila theluji ilipoanguka, Jovnna alivaa ski, mbao zake za kutelezea thelujini, akabeba beleshi mgongoni, akaenda kuchimba milango katika kuta hizo. Mpwa wetu Ásllat alimtania kwamba yeye ni bawabu wa reli asiye na mshahara. Jovnna akamjibu kwamba bora hivyo kuliko kuwa mgeni wa kahawa asiye na aibu.

Mara nyingi aliomba treni zipunguze mwendo mahali kundi linapovuka. Katika mkutano mmoja ofisa kutoka kusini aliuliza kama wanyama hawawezi kufundishwa. Jovnna akasimama, akavua kofia. "Nimewafundisha, bwana. Ratiba wanaisoma vizuri. Shida ni treni zenu kuchelewa." Ukumbi ulicheka. Mwendo haukupunguzwa.

Baba yetu aliambiwa reli itatutajirisha. Kweli, zamani treni ilisimama kwetu. Tulipanda kwenda shule, na barua zilishushwa. Kisha kituo kikafungwa. Duka likafuata. Mwaka jana waliziba hata kivuko cha reli cha kwenda kanisani ili treni zikimbie zaidi. Kengele ya kanisa tunaisikia tukiwa jikoni, lakini kufika huko ni kuzunguka hadi daraja la mjini. Mawe ya chuma yanapita usiku na mchana, na magazeti yanaandika kwamba kaskazini inaendelea. Inaendelea kwenda wapi?

Bwana Lindvall wa reli alikuja na maua. Nilimpa kahawa, maana mgeni ni mgeni. Nikamwomba jambo moja tu: siku ya mazishi wasimamishe treni nusu saa, tumvushe Jovnna kwenye mlango wake mwenyewe hadi makaburini, ng'ambo tu ya reli.

Alitazama kikombe. Alisema nusu saa ni treni mbili, na bandarini meli zinangoja. Angetupa gari zuri la kuzungukia darajani.

"Kwa hiyo meli zikingoja ni hasara," Ásllat alisema, "sisi tukingoja ni utaratibu."

"Sikutunga mimi sheria, jamani."

"Na zile ulizotunga wewe ni zipi, tukuombe hizo?"

Lindvall hakumaliza kahawa yake.

Alipoondoka, Ásllat alinigeukia. "Shangazi, kundi likiwa relini tukapiga simu, sheria yao inasemaje?"

"Treni isimame."

"Basi kesho nitaleta kulungu."

Nilimwambia sitasema uongo mbele ya jeneza la kaka yangu. Akasema hakuna uongo wowote, atawaleta wengi.

Kesho yake wanaume walipanua mlango ule wa Jovnna kwa mabeleshi. Jeneza lilikuwa kwenye sleji, likivutwa na kulungu maksai mzee wa Jovnna, na nyuma yake Ásllat alileta kundi zima. Nikapiga namba ile ile ya ofisi ya reli.

"Kundi liko relini, karibu na kijito," nilisema.

"Wangapi?" kijana akauliza.

"Wote."

Mbali, kwenye kona, taa za treni zilijitokeza, zikapungua mwendo, zikatulia. Dereva alipiga honi. Watu walinitazama, wakitaka tuharakishe. Nilishika hatamu mimi mwenyewe na nikatembea polepole. Honi ikalia tena. Maksai alisimama katikati ya reli kukojoa, tukamngoja amalize.

Makaburini mchimbaji alikuwa ameyeyusha ardhi iliyoganda kwa moto tangu juzi yake. Mchungaji alisoma. Wimbo nilianzisha mimi, kwa kuwa mwanzishaji wetu alikuwa ndani ya sanduku, na nilianza juu mno. Tulimshusha kwa kamba. Mchungaji alitupa udongo mara tatu, kisha Ásllat, kisha mimi. Treni ilipita nyuma yetu wakati kaburi linajazwa. Wanaume waliendelea kujaza.