Pikipiki Niliyoisugua kwa Majivu

Mie kusoma nimejulia ukubwani, kwenye darasa la kisomo, mtoto mgongoni. Lakini usafi hakunifundisha mtu. Tulikaa Chang'ombe, chumba kimoja, uwanja tunachangia na wapangaji wengine, na upande wangu ungeweza kuanika unga chini ukauzoa bila chembe ya mchanga. Wajukuu zangu hunisifu kwa usafi. Usafi huo umenila.

Mume wangu alikuwa fundi wa vyerehani. Si wa kushona, wa kutengeneza. Cherehani kikigoma Ukonga kwenye nyumba za askari magereza, au Mwananyamala kwa mama mshona magauni, anaitwa yeye. Kichwa cha cherehani ni chuma kitupu, ukikibeba mgongo unalia. Yeye alikifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tairi, akaja nacho nyumbani, akakirudisha kinakwenda kama kipya. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkono wa pili, lakini mtaa mzima ilikuwa hiyo moja. Nikipanda nyuma nilijifunga khanga vizuri, uso mbele, simwangalii mtu. Majirani walisema najidai. Nilikuwa najidai kweli.

Siku hiyo alikuwa amesimama kando ya lango la kiwanda, mguu mmoja chini, anangoja lori la shirika la umma litoke. Lori la kijani. Likatoka, likasita, likarudi nyuma bila hata honi. Likamlaza yeye na pikipiki yake, likamvunja mguu chini ya goti. Dereva akalisogeza mbele haraka ili watu wamtoe, na kwa hilo simlaumu. Lakini askari wa trafiki alipofika, lori liko kule, mtu yuko chini peke yake. Askari akapima barabara, akaandika, akasema bima ya lori ndiyo itakayotengeneza pikipiki, mtu wao atakuja kuikagua, isiguswe. Hayo alimwambia mume wangu, aliyelala mchangani mfupa umetokeza nje. Mie hakuna aliyeniambia.

Watu waliisukuma mpaka nyumbani. Taa imepasuka, fok ya gurudumu la mbele imepinda, tangi limebonyea, na pale lilipobonyea pana mchirizi mpana wa rangi ya kijani. Na damu, imekauka kwenye kiti na kwenye injini. Kesho yake wageni wangeanza kuja kunipa pole. Niiache damu ya mume wangu watu waitazame huku wanakunywa chai? Nikachukua majivu ya jikoni na kumbi la nazi, na maji ya bomba niliyoyapangia foleni, nikasugua toka asubuhi mpaka adhuhuri. Damu ilitoka upesi. Ile kijani ndiyo iliyonishinda kwanza, nikatia na mchanga. Ikatoka.

Siku ya tatu dereva akaja na sukari kwenye karatasi ya gazeti, na sukari wakati ule ilikuwa haipatikani ovyo. Akaketi kwenye mkeka.

"Shemeji, pole sana. Sikumwona kabisa. Nilivyosikia kishindo nikasema leo nimeua."

"Tumeshapoa. Yuko wodini, anaongea."

Macho yake yakaenda ukutani ilikoegemezwa pikipiki. Akaweka kikombe chini, akaiendea, akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye tangi taratibu.

"Nani kaiosha hivi?"

"Kwani unamwona nani mwingine hapa?"

"Shemeji, una mkono wewe. Mke wangu nitamleta umfundishe."

Nikacheka. Nikamwongezea chai, nikamfungia na vitumbua vya watoto wake. Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo, kwenye vile vitumbua.

Mkaguzi wa bima alikuja mume wangu akiwa keshatoka hospitali, mguu umo kwenye plasta, ameketi mlangoni. Mkaguzi akaizunguka pikipiki mara mbili, akainama.

"Mama, rangi ya lori iko wapi?"

"Rangi gani?"

"Dereva ameandika hakumgusa. Anasema mzee aliteleza mwenyewe kwenye kokoto. Mlinzi wa geti naye anasema hakuona, na askari alipofika alikuta lori limeshasogea. Sasa kama lori limegonga tangi hivi, lazima limeacha rangi."

"Ilikuwepo. Niliisugua."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa chafu."

Akatoa kalamu. Hakuwa mtu mbaya. "Hilo haliniletei rangi, mama," akasema, akaandika anayoyajua yeye, akaaga.

Mume wangu alisikia yote. Nikangoja anitukane.

"Ulisugua na nini?"

"Majivu. Na mchanga."

"Mchanga," akasema, akatikisa kichwa, kama ninavyomjua akikuta mtu katia mafuta ya kupikia kwenye cherehani. Hakulirudia tena neno hilo maisha yake yote. Angenifokea ningepumua.

Barua ya bima niliisoma mwenyewe, kidole juu ya mstari, herufi moja moja. Walikuwa hawaoni uthibitisho kwamba gari lenye bima yao limehusika. Nikaikunja nikaitia kwenye kifundo cha khanga, nikaenda moja kwa moja kwenye lango la kiwanda saa ya kubadilishana zamu.

"Shemeji, mguu unaendeleaje?" dereva akaniwahi.

"Sema mbele ya hawa. Ulimgonga, hukumgonga?"

Wafanyakazi wakasimama. Mmoja akasema, "Leo umepatikana, bwana." Dereva akanisogelea, sauti chini.

"Ningefukuzwa kazi, shemeji. Gari la umma lile, si la baba yangu. Nina watoto watano."

"Na mie ninao wanne. Na vile vitumbua nilivyokupa?"

"Sasa kwani mie ndiye niliyeiosha?"

Kuna mtu akacheka nyuma yangu. Dereva akapanda lori lake akaondoka.

Vipuri madukani hakuna, na bima ndiyo hiyo imekwisha kataa. Mume wangu akaifungua pikipiki kwa mikono yake, akaiuza magurudumu peke yake, injini peke yake. Mguu haukunyooka tena. Wateja hawakuacha kuita, lakini mtu wa fimbo hawezi kubeba kichwa cha cherehani, kwa hiyo nilibeba mie, kichwani, kwa ngata. Kwenda Ukonga na kurudi. Yeye mbele na mfuko wa spana, mie nyuma. Hatukuzungumza sana njiani. Shingo ikiwa na mzigo huna la kuongea. Watoto walikula, walisoma. Sikuomba unga kwa mtu.

Miaka mingi baadaye yule dereva akafa. Wanawake wa mtaani wakanipitia twende msibani.

"Vaa khanga yako twende. Mumeo mbona keshatangulia?"

"Yeye ana moyo wake," nikawaambia.

Alizika, akarudi jioni na fimbo yake, akakuta chakula kimefunikwa. Akanawa, akala. Wale wanawake walinisema mwezi mzima kwamba nina roho mbaya, huwezi kumnunia maiti. Nimezika watu wengi Chang'ombe hii, nimeosha maiti, nimepika misibani mpaka macho yakawaka kwa moshi. Kwa yule sikwenda, na ningeitwa tena leo nisingekwenda.