Maji ya Moto ya Shemeji

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, baba yangu aliamini kila kitu kilichoshushwa Makambako kikiwa ndani ya boksi lenye maandishi ya kigeni. Aliamini saa zilizokufa baada ya wiki, betri zilizovuja, dawa ya meno iliyochubua fizi. Nilikuwa mtoto, nikaamini pamoja naye. Nimetangatanga sana tangu hapo, na maboksi yale bado nayakumbuka kwa upendo wa kijinga.

Kwa hiyo sikushangaa baba alivyoitumbulia macho akili mnemba, mwaka juzi, kwenye kituo kimoja cha afya Njombe. Mshipa wake wa shingo, ule unaopeleka damu kichwani, ulikuwa umeanza kuziba kwa mafuta, na ilibidi akapasuliwe Dar es Salaam. Kabla ya safari, tabibu mmoja kijana alikuwa anajaza majibu yake kwenye kishikwambi, ili mashine ibashiri kama baada ya upasuaji atapata kiharusi, atavuja damu, au atatoka salama. Mwenye hatari kubwa angewekewa kitanda cha uangalizi maalumu. Wengine wangelala wodini tu.

"Imejifunza kwa wagonjwa wengi kuliko daktari yeyote," tabibu alisema, akijivuna kana kwamba ameizaa yeye.

Kati ya baba na mimi alikaa shemeji yangu, mke wa kaka, mwalimu. Yeye ndiye aliyemleta, kwa kuwa anajua kuongea na watu wa ofisini. Hapo ndipo kichekesho kilipoanzia. Kwetu Ubena, mzee hataji udhaifu wa mwili wake mbele ya mke wa mwanawe. Hata kukohoa anakohoa kwa adabu.

"Mzee, unavuta sigara?"

"Mimi? Hapana."

"Mkono umewahi kufa ganzi ghafla? Ulimi kuwa mzito?"

"Ulimi si huu unausikia?"

"Presha je?"

"Namshukuru Mungu."

Tabibu akabonyeza hapana, hapana, hapana. Kishikwambi kikatoa rangi ya kijani.

"Hongera mzee! Hatari ndogo."

Baba akainyoosha shingo ile ile mbovu kwa fahari.

Wiki tatu kabla nilikuwa naye Makambako, kwenye banda lake la kuuzia mbao. Kikombe kilimponyoka, akaanza kuongea kama mtu mwenye tonge mdomoni, mpaka lori la fuso lililokuwa linapakiwa nje likajaa nusu. Ulimi uliporudi, akawasha sigara na kunikataza kusema.

"Shemeji," nikasema, "naomba ukamtafutie mzee maji."

"Maji si haya hapa?" Akanyanyua chupa nzima.

"Hayo ya baridi. Na baridi hii ya Njombe? Katafute ya moto."

Alinitazama, akamtazama baba mkwe wake aliyekuwa anachunguza viatu vyake, akatoka.

"Muulize tena," nikamwambia tabibu.

Baba alisubiri mlango ufungwe. "Pakiti moja kwa siku. Na mkono, ndiyo, mara tatu. Presha pia ipo." Akanigeukia. "Wewe una mdomo kama redio."

Kishikwambi kikawa chekundu.

Dar akapewa kitanda cha uangalizi. Siku ile ile ya upasuaji shingo ilivimba kwa damu. Muuguzi aliyekuwa karibu akaona mara moja, wakamrudisha kwenye chumba cha upasuaji. Angelazwa wodini, huenda tungemzika. Alirudi nyumbani na sauti ya kukwaruza, jambo ambalo mashine haikulitaja kabisa.

Sasa anawasimulia wateja jinsi mashine ilivyomsoma mpaka kwenye mifupa, nao wanatikisa vichwa. Ilimsoma! Ilisoma kile alichotaka mkwe wake asikie, ikampongeza.

Mwezi uliopita shemeji alikuja bandani na simu yenye maswali ya ufuatiliaji, ya mashine ile ile.

"Baba, wanauliza kama mmevuta tena."

"Hapana, mkwe wangu," akakwaruza. Moshi ulikuwa unapanda kutoka chini ya meza.

Nikainuka. "Shemeji," nikasema, "naomba maji ya moto."