Waliokata Waya wa Ampli Yangu

Paluku alianguka na gitaa yangu shingoni, midomo imeungua, na ampli ikaendelea kunguruma kwa sababu busti, kile kisanduku cha kukanyaga, ilikuwa bado imewashwa. Ilikuwa mchana, kwenye harusi, katika bustani ya nyumba moja ya Himbi, hapa Goma, majani yamelowa mvua ya asubuhi. Watu walidhani ni mchezo wa jukwaani. Wakapiga makofi. Mimi ndiye nilikimbia kung'oa fishi ya umeme ukutani. Nilipomugeuza, vidole vilikuwa bado vimeshika nyuzi, na yeye hayuko.

Ninaandika kwa ajili ya ninyi vijana wenye mnapiga gitaa leo, maana mkiuliza habari zangu mnajibiwa uongo. Shule nilifika ya tano primaire tu, mutanisamehe maandishi. Lakini kazi ninaijua, na nitaieleza kama ilivyokuwa.

Siku yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa katika orkestra ya parokia. Mukubwa wetu tulimuita Maestro, muzee mfupi mwenye kuvaa koti hata kwenye jua. Aliniwekea mbele ya mguu kisanduku cha chuma: kifungo kimoja cha kukanyaga, kingine cha kuzungusha, basi. Akasema hiyo ni busti safi. Haibadilishi sauti ya gitaa, haiichafui, inaipandisha tu juu ya wengine. Nikaikanyaga kwa kisigino, kwa nguvu zote. Maestro akacheka mpaka akashika kiuno.

"We mutoto, unaua mende? Ikanyage na kidole, polepole!"

Kwaya nzima ikacheka. Kwa muda mrefu waliniita Muua-Mende, hata mama wa kufagia kanisa.

Alinifundisha saa ya kukanyaga. Mwimbaji akiimba, busti imezimwa, unakaa chini yake. Kuimba kukiisha, sebene inaanza, yaani ile sehemu ya magitaa na kucheza, hapo solo, mwenye gitaa ya kuongoza, anakanyaga na kutoka mbele. Mwimbaji akirudi kwenye maikro, unazima kabla hajafungua kinywa. Ukichelewa unamufunika.

Kutoka parokia nilienda Bunagana, baa ya karibu na duane, forodha ya mpakani. Malori yalikuwa yananguruma mlangoni, na Patron wa pale hakujua kitu kingine isipokuwa kelele. "Pandisha! Mi nataka dereva mwenye iko kwenye foleni asikie, aingie anywe!" Pale nilijifunza kwamba ampli usiifungue yote. Ukiishajaza ampli, busti haipati nafasi, sauti inapasuka badala ya kupanda. Unaiacha ampli inapumua kidogo, kisha mguu wako ndio unamaliza.

Halafu nikaja Goma, Birere, kwa orkestra ya Papa Muhindo. Tulimuita Prezida. Ala zote zilikuwa zake, hata gitaa na ampli nilizoziita zangu. Busti peke yake ilikuwa yangu, Maestro alinipa nilipoaga.

Pale nilimukuta Paluku. Alikuwa akompa, gitaa ya kushikilia wimbo wakati solo anatembea, tena alikuwa anaimba. Mimi siimbi, sauti yangu ni ya kufukuza mbuzi. Paluku alinijua mpaka kwenye pumzi. Kabla sijainua mguu, yeye alikuwa ameishalegeza mkono ili nipate njia. Hatukupangana hata siku moja. Sijapata mutu mwingine wa namna ile, ndani ya muziki wala nje.

Sasa sikilizeni vizuri. Busti inapandisha kila kitu kinachoingia ndani yake: nyuzi, kucha, na mungurumo wa umeme mbaya. Umeme wa Birere ulikuwa mbaya, na ampli ya gitaa yangu ilikuwa kuukuu. Kila nikikanyaga, kulikuwa na "mmmm" nyuma ya solo. Prezida alikuwa anaichukia.

"Weye, iko unapiga gitaa ao unasaga mihogo?" aliniuliza siku moja kwenye mazoezi, mbele ya wote.

"Papa, ni umeme. Tutafute fundi aangalie ile ampli."

"Fundi wa nini? Zakaria! Kata tere."

Tere ni waya wa tatu ndani ya fishi, wenye kwenda ardhini. Umeme ukipotea njia ndani ya ampli, unatoka kwa ule waya badala ya kutoka kwa mutu. Zakaria alikuwa mutu wa sono, mwenye kuunga vyombo na kusimamia sauti. Alinitazama, akamutazama Prezida, akachukua koleo, akakata. Mungurumo ukapungua. Prezida akapiga makofi. "Munaona? Solo safi!"

Tangu siku hiyo vidole vyangu vilianza kuwasha kwenye nyuzi, kama siafu wanatembea. Nilimuambia Prezida. Akasema, "Punguza pombe, siafu watatoka." Wote walicheka, Paluku pia. Mimi sikufa kwa sababu siimbi. Mdomo wangu haukugusa maikro.

Siku ya harusi, bibi harusi alikuwa mutoto wa dada yake Paluku. Paluku akaniambia, kama mdogo kwa kaka yake, "Yaya, leo uniachie solo. Mi nimupigie mutoto wetu." Nikamuvisha gitaa yangu kwa mikono yangu. Akapiga vizuri, alikuwa anatabasamu. Akakanyaga busti na kidole, polepole, akainamia maikro amuite mutoto kwa jina. Mkono kwenye nyuzi, mdomo kwenye chuma: umeme wa ampli ukapata njia ya ardhini ndani yake.

Watu walipoanza kulia, Prezida alisimama mbele ya familia na kusema, "Mi nilimukatazaka ile kasanduku. Kako na mambo ndani." Mutu mwenye kukata tere ni Zakaria, mwenye kuamuru ni Muhindo, lakini muchawi nikawa mimi. Ile fishi yenye waya uliokatwa Zakaria aliifungua na kuondoka nayo kabla hatujazika. Kwenye matanga walinifukuza. Hata sahani ya wali niliyokuwa nimeshika walininyang'anya.

Orkestra hakuna iliyonichukua tena. Mke wangu alivumilia, kisha akarudi kwao na watoto. Sasa ninauza makala, mkaa wa kupikia. Wateja wengine wanaweka franka chini ili wasiguse mkono wangu. Nikipita mahali wanapiga, ninasikia solo anakanyaga, na akompa anaendelea kugonga kwa nguvu vilevile, hamupishi. Ninaendelea na njia yangu. Hakuna mutu wa kumuambia.

Papa Muhindo, bado uko hapa Goma, na orkestra mpya. Zakaria, unafanya sono kwa wengine. Mama Kavira, mjane wa Paluku, anaamini mpaka leo kwamba nilimuuza mume wake kwa uchawi. Mutoto aliyeolewa siku ile anaamini vilevile. Sitaki kitu chenu kingine. Nendeni kwa Mama Kavira nyinyi wawili, mketi, mumuambie kwa vinywa vyenu: nani aliamuru waya ukatwe, nani alikata, na ile fishi iko wapi. Ninangoja mujibu, na munijibu mbele yake.