Gari Linalobisha

Nilisimama Somanga kununua samaki wa kukaanga, nikamkuta mama muuzaji kaliacha karai lake, anamtazama mwanawe uani. Kijana alikuja kusalimia wazazi kwa gari la spoti, jekundu, la milango miwili. Sasa kafungua boneti na kutoa pampu inayolainisha usukani, mafuta yanachuruzikia kwenye beseni la mama.

"Wenzako wanataka usukani mwepesi, wewe unautia uzito?" nikamuuliza.

Akanionyesha kwa kidevu baba yake, dereva wa malori wa enzi za barabara ya tope. "Jana nilimpa aendeshe, akashuka. Anasema gari linamkubalia kila kitu, kama linamwonea huruma."

Akaunga mipira ya mafuta bila ile pampu, akafunga boneti. "Jaribu sasa, baba."

Mzee akazunguka uani, mishipa ya mikono imemtoka, anacheka. "Hili sasa linabisha! Hili ndilo gari!"

Mama akajifuta mikono kwenye kanga. "Mie nimembishia tangu anioe, mbona hajanisifu?"

Mzee alisikia. Akasimamisha gari, akajinyoosha kufungua mlango wa pili. "Ingia, mama watoto."

Nikabaki karaini nageuza samaki wangu mwenyewe, nikiwawaza wazee tunaowapokonya hata ndoo ya maji wasiibebe, tukasema tunawapenda.