Medali ya Upande wa Kulia

Enzi zetu pale mtaa wa West Indies, Eldoret, mtoto hakuhitaji kununuliwa kitu ndiyo awe mjuzi wa vita. Ilikuwa ile miaka ya chama kimoja, na kila Jumatatu asubuhi tulikuwa tunasimama wima mbele ya bendera ya shule, miguu mitupu kwenye umande, baridi inang'ata masikio. Ukikohoa wakati bendera inapanda, mwalimu anaandika jina lako. Baada ya hapo maziwa ya shule, na ole wako umwage.

Nawaambia nyinyi wa rika langu, maana vijana wa grupu letu la simu nimechoka nao. Ni grupu la wapenzi wa historia ya kijeshi, na mimi ndiye mama pekee humo. Simu haipoi. Huyu ametuma kifaru cha plastiki, yule bendera, mwingine medali aliyoinunua kwa mtandao. Wanajua uzito wa kila mzinga, lakini sijui kama yuko hata mmoja aliyewahi kunusa koti la askari.

Grupu letu sisi lilikuwa la watoto watatu, na ofisi yetu ilikuwa nyuma ya duka la kina Abdi. Barasa, mtoto wa jirani yetu, alikuwa fundi wa modeli. Alitengeneza malori ya jeshi kwa mikebe ya mafuta ya kupikia na waya, magurudumu akikata kwa kandambili zilizochakaa. Ukimkanyagia lori moja, haongei na wewe wiki nzima. Abdi alikuwa mtu wa bendera. Alizichora kwa penseli za rangi nyuma ya karatasi za majani chai, akazibandika kwa uji, na Barasa akiweka bendera isiyofaa kwenye lori lake, Abdi alisimamisha kila kitu. "Hakuna vita! Hao watu hawana rangi hiyo!" Basi tunakaa chini, tunabishana mpaka Mama anaita chakula.

Mimi Adhiambo sikujua kuchora wala kukunja waya. Walinikubali kwa sababu moja tu: nyumbani kwetu kulikuwa na medali.

Zilikuwa za Babu, baba yake baba yangu, Mzee Okumu. Alikuwa keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Mwingereza, na alipigana Burma. Uzee ulipomfikia alitoka kule ziwani akaja kukaa na sisi. Koti lake lilinuka tumbaku na dawa ya nondo. Upande wa kushoto lilikuwa na medali tatu, na upande wa kulia moja, peke yake. Tukimuuliza mbona ile imejitenga, anasema, "Hapo ndipo mahali pake," halafu anaitisha chai.

Kila Sikukuu ya Jamhuri ikikaribia, Babu akijiandaa kwenda gwaride uwanjani, kazi ya kuzisugua ilikuwa yangu. Macho ya Babu yalikuwa yameingia ukungu, hakuona vizuri. Nilizibandua moja moja, nikazisugua kwa majivu na limau mpaka zikang'aa, nikazirudisha. Na kila mwaka alinikumbusha, "Kila moja irudi ilikotoka, umesikia?" Nami naitika, "Ndiyo, Babu."

Nilipokuwa darasa la sita, mkesha wa Jamhuri, Abdi alitujia mbio na karatasi mkononi. Baba yake alifungia sukari kwa kurasa za magazeti na vitabu vikuukuu, na huo ukurasa ulikuwa umetoka kwenye kitabu cha Kiingereza cha mambo ya jeshi. Kulikuwa na picha ya afisa Mzungu aliyejaa medali kifuani. Tulisoma kwa kufuata na kidole: medali huvaliwa kifuani, upande wa kushoto. Ukurasa ukaishia hapo.

"Wacha!" Barasa akasema. "Kumbe Babu yako amekuwa akikosea miaka yote hii."

"Usimseme Mzee," Abdi akamkanya. "Labda ni yule aliyemshonea koti."

Niliona aibu mpaka nikashindwa kuwaangalia. Babu yangu, mbele ya wakubwa wote wa wilaya, kila mwaka, na medali imepotea njia! Jioni hiyo nilipozisugua nikaamua kumwokoa. Nikaibandika ile moja kushoto pamoja na zile tatu, kwa mstari ulionyooka, nikarudi nyuma kidogo nikajipigia saluti.

Kesho yake Babu alivaa koti haraka haraka, akashika fimbo, tukaenda uwanjani. Makeya wazee waliwekewa benchi lao karibu na jukwaa. Sisi watatu tukasimama kwenye kamba, mimi kifua mbele utadhani nishani ni zangu.

Kulikuwa na mzee mrefu wa kofia, Mzee Koech, aliyekuja kila mwaka kutoka Moi's Bridge. Yeye hakuwa askari. Alikuwa akifika anaigusa kwanza ile medali ya kulia ya Babu, ndipo wanapeana mkono. Mimi nilidhani ni salamu ya makeya. Siku hiyo mkono wake ulikwenda kulia ukakuta kitambaa kitupu. Akaangalia kushoto, akaiona katikati ya zingine.

"Okumu!" Alipaza sauti mpaka watu wakageuka. "Ndugu yangu umemfanya wako? Mama yetu aliamini unamvalia mwanawe. Kumbe ulikuwa unangoja tu mama afe ndiyo ujipambe naye!"

Babu alipapasa kifua kwa vidole, akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nilijua sasa atanitazama. Hakunitazama. Aliibandua ile medali, akaiweka kwenye kiganja cha Mzee Koech.

"Chukua, bwana. Makosa ni yangu."

Jamani, nilikuwa na la kusema! "Ni mimi." Maneno mawili tu, na sikuyasema.

Njiani kurudi ndipo aliponieleza. Yeye na Kiprono, kaka yake Koech, walilala blanketi moja Burma, na Kiprono hakurudi. Medali yake ilipoletwa, mama yake alisema haiwezi kukaa nyumbani kwake, itamuua. Akampa Babu: wewe uliyerudi, mvalie siku ambazo askari wanatoka, lakini kaa naye kulia, usimchanganye na zako. Babu alinieleza hayo yote polepole, na hakuniuliza nani aliyeihamisha. Nafikiri alijua. Nani mwingine alishika lile koti?

Hakwenda tena uwanjani. Sikukuu ikifika alikaa uani akisikiliza ngoma zikipita barabarani, koti liko msumarini. Makeya wenzake waliacha kuja kunywa chai. Kila mwaka nikasema leo namwambia, nikaona nimemletea uji tu.

Alifariki nikiwa nasoma chuoni Chepkoilel. Huko ndiko nilikokuja kufungua kitabu cha aina ile, kizima, kina kurasa zote. Ukurasa uliofuata unasema medali ya marehemu huvaliwa kulia na yule anayemkumbuka. Ukurasa huo pengine ulikuwa umemfungia mtu misumari dukani kwa kina Abdi.

Tulimsafirisha Babu kwao ziwani. Watu wamekaa kwenye hema, namwona Mzee Koech anaingia, amezeeka, ametoka Moi's Bridge mpaka huko. Nikamfuata, nikapiga magoti, nikamwambia yote: ukurasa wa sukari, majivu, limau. Akavua kofia.

"Nilimtukana bure mbele ya watu," akasema. Halafu akaniangalia. "Mbona hukusema akiwa hai?"

Akaniinua. Aliitisha koti, akafungua leso aliyotoka nayo nyumbani, akaibandika medali ya Kiprono upande wa kulia kwa mikono yake mwenyewe. Koti nikaachiwa mimi.

Siku hizi liko ukutani kwangu. Juzi, katika kuchoka kwangu na vifaru vya plastiki, nikalipiga picha nikaituma kwenye grupu. Haikupita dakika kijana mmoja akajibu: "Mathe, hiyo medali iko side mbaya. Irekebishe." Wenzake wakamuunga mkono kwa vidole gumba. Sikumkasirikia. Sisi ujuzi ulitujia ukurasa mmoja mmoja, una punje za sukari, na tulikuwa na mzee wa kuuliza ndani ya nyumba lakini hatukumuuliza mara ya pili. Hawa wana kitabu kizima mfukoni, na wazee wa kuuliza wamekwisha.

Nikaanza kumwandikia habari yote ya Kiprono. Nikafuta. Nimechoka, vidole vyenyewe vinauma. Mwisho nikamtumia sentensi moja tu.

"Niliirekebisha, mwanangu, nikiwa darasa la sita."