Nyumba Yangu ya Katikati ya Bahari

Haya ninayo, siifichi: miye njo muntu aliyeenda kuomba bibi wa kuoa na karatasi inayosema anakaa ndani ya bahari, mbele ya bukwe, jamaa yote ya bibi, na tantine mmoja, shangazi yao, akacheka mpaka kilemba kikaanguka.

Nilimtaka Bernadette wa Panda, kule Likasi, na baba yake, Papa Kabeya, mustaafu aliyepima ardhi ya migodi maisha yake yote, aliomba jambo moja tu mbele ya kupokea dot, ni kusema mahari: ajue nyumba ambamo mutoto yake atakaa. Nyumba yangu iko Kambove, kwenye njia isiyo na jina, na muntu mwenye akili angesema pita kanisa, pinda kwenye bomba la maji, uliza. Miye nikasema hapana, huyu ni mupimaji, aone kwamba na miye nilisoma (nilisoma nini, sijui). Simu ikanipa namba mbili za mahali, ya kwanza kumi, ya pili ishirini na sita, nami nikaandika vizuri sana: kusini 26, mashariki 10, kwa sababu kwetu mukubwa anatangulia, nikaona na namba kubwa ipewe heshima yake.

Siku ya kujitambulisha, mu suti ya kuazima, nikatoa karatasi kwa mikono miwili. Papa Kabeya akasoma, akasoma tena, akachukua chungwa kwenye sahani, akaanza kulichora na biki.

«Angalia, mutoto. Mistari hii inalala, inahesabiwa toka mukaba wa dunia, ile ikweta, kwenda kusini ao kaskazini. Hii inasimama, toka kichwa mpaka miguu, inahesabu mashariki na mangaribi. Pale inapokutana, njo kwako.» Akatoboa chungwa. «Na kwako ni mu bahari, mbali na inchi kavu.»

«Nyumba iko na mabati?» tantine akauliza.

«Iko na samaki,» Papa Kabeya akajibu.

Ningenyamaza hapo, ningepona. Lakini mudomo wangu hauna mulinzi, nikasema, «Papa, ni quartier mupya, mutaa ambao bado banajenga.» Sebule yote ikalipuka, wajomba wakapiga mapaja, na Bernadette peke yake akaangalia viatu vyake, na hiyo ikaniuma kuliko kicheko chote. Nikarudi Kambove najua nimemukosa.

Nikakaa juma zima bila kulala vizuri, kisha liste ya dot ikafika, vitu vya kuleta, ni kusema wamenikubali: mbuzi, suti ya baba, pagne za mama, vitenge vizuri, na chini kabisa, kwa mukono wa Papa Kabeya mwenyewe, jileti moja ya kuelea mu maji, ukubwa wa Bernadette.

Naitafuta mpaka sasa, Likasi yote haiko. Na ukiniuliza nakaa wapi: pita kanisa, pinda kwenye bomba, uliza.