Ngazi ya Viwanja Viwili

Jina la Mama Zege alipewa na vibarua. Aliingia kwenye ujenzi akibeba kokoto kwa ndoo, akapanda hadi kushika mwiko na pima maji, na watu walipokuja kushtuka, yeye ndiye aliyekuwa akiitwa pale zege la mwingine lilipokataa kunyooka. Magorofa aliyoyasimamisha yanaonekana kutoka stesheni ya treni. Yeye mwenyewe alikaa chini, katika kanyumba ka vyumba vitatu kwenye kiwanja chembamba kama mkanda, na hakuona aibu. Kinyozi gani anajinyoa mwenyewe?

Kilichomkera ni umbali wa binti yake. Binti ni muuguzi katika hospitali iliyo nyuma ya stesheni, ila vyumba vya karibu vilikuwa haba na alipanga kule ambako jiji linaishia na mashamba yanaanza. Alitoka mwanawe akiwa amelala, akarudi mwanawe akiwa amelala.

"Mama, huyu mtoto ananijua kwa harufu ya sabuni ya wodini," alisema Jumapili moja, huku anacheka. Mama Zege hakucheka.

Basi ukaja mpango mpya wa jiji na miji inayolizunguka. Afisa mipango miji, kijana mtaratibu mwenye sauti ndogo, aliwaeleza wenye viwanja katika ukumbi wa shule. Jiji limekuwa likitambaa, alisema. Kila mwaka linameza mashamba, halafu mabomba ya maji na barabara vinalikimbilia bila kulifikia. Sasa litakua kwenda juu, kuzunguka stesheni. Mwenye kiwanja ruhusa ya ghorofa nne anayo, ila viwanja vyembamba viungane viwili viwili, jengo moja, ngazi moja.

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Mama Zege, kisha ukamtazama Sindano.

Sindano ni mshonaji, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na kibanda chake cha cherehani kinatazama mtaa. Hawakuwa maadui. Walikuwa mafundi wawili waliokaa karibu mno, kila mmoja akiamini ufundi wa mwenzake ni wa kujaribujaribu. "Wewe ukikosea unafumua," Mama Zege humwambia. "Mimi nikikosea watu wanazikwa." Naye Sindano hujibu, "Ndiyo maana wateja wangu hurudi wenyewe, shoga yangu, wako hurudi na wakili."

Kuungana walikubali upesi. Nyumba zote mbili zitabomolewa, ukuta wa kati uende, na chama cha akiba cha mtaa kitawakopesha. Lililowashinda ni ngazi. Kila mmoja aliitaka upande wake.

Afisa, aliyezoea watu wanaosukumiana ngazi kama takataka, alikuja na mchoro aliodhani utawapoza: ngazi ameipeleka nyuma kabisa. Waliutazama mchoro pamoja, vichwa vikigusana.

"Ngazi uani?" aliuliza Sindano. "Kama choo?"

"Mwanangu," Mama Zege akamwambia afisa kwa upole, "mgeni utampitisha kwenye majaba ya maji ndipo aseme hodi?"

Ikawa ndiyo mara ya kwanza wale wawili kuwa upande mmoja. Afisa alicheka, akakunja karatasi. Alisema mbele inawezekana, nafasi ipo, ila waamue ni mbele ya nani, kwani maombi ya awamu ya kwanza yanakaribia kufungwa. Awamu ya pili hakuna aliyejua itakuja lini.

Mama Zege alitaka ngazi kwa sababu ngazi ndiyo mtihani wa fundi. Ukuta mbaya hufichwa kwa lipu. Ngazi mbaya hata kipofu anaijua, maana kidato kimoja kikizidi vingine, mguu unajikwaa papo hapo. Alitaka kila apitaye aikute mlangoni mwake na aulize ni kazi ya nani.

Alikwenda kibandani kwa Sindano akiwa amejiandaa kubishana. Alimkuta amekaa mbele ya cherehani isiyo na kitambaa. Watu walipita na mifuko ya nguo zilizoshonwa viwandani, na hakuna aliyegeuza shingo.

"Leo umekuja na nyundo au mdomo?" aliuliza Sindano.

"Mdomo."

"Afadhali nyundo." Kisha akasema bila mzaha, "Dada, ghorofa nne za watu zikipita kwako, mimi nimekwisha. Zikipita hapa, kila mmoja ana kifungo kilichokatika. Atanikumbuka."

Mama Zege alikaa kwenye benchi la wateja. Yeye alikuwa anagombea sifa, jirani anagombea riziki, na huku wakivutana, mjukuu wake alikuwa anakua akiwa usingizini.

"Iwe kwako," alisema. "Lakini naijenga mimi. Hakuna mwingine atakayegusa mwiko."

Sindano alimtazama kwa jicho la pembeni. "Na ukinijengea kwa hasira?"

"Mimi nikasirike mpaka nijenge kitu kilichopinda? Hunijui, fundi."

Hakuwahi kumwita fundi kabla ya hapo. Sindano aliinamia cherehani, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Aliijenga kama alivyoahidi. Afisa alipomwambia aitanue zaidi, ili machela ipite na wabebaji wawili wasikunje viwiko, alinung'unika siku nzima, kisha akakiri kwamba kijana amesema kweli, akang'oa mbao za kumwagia zege na kuzipanga upya. Kila kidato alikipima, akakipima tena. Vibarua walinong'ona kwamba bibi anajenga msikiti. Aliwasikia, akaridhika.

Binti alipewa ghorofa ya pili. Siku hizi anakwenda hospitali kwa miguu, na asubuhi hugombana na mwanawe kuhusu viatu, kama mama wengine.

Mtaa, kama kawaida yake, umeiita ngazi ya Sindano. Juzi afisa alileta wenye viwanja wa upande wa pili wa reli, watu wenye mashaka, nao wakamkuta Mama Zege amekaa kwenye benchi la wateja akisubiri gauni.

"Hii ndiyo ngazi ya Sindano?" aliuliza mmoja.

"Ndiyo yenyewe," alisema Mama Zege. "Pandeni. Msitazame chini, miguu itajua."

Wakapanda wakiongea, wote kwa pamoja, na binti yake aliyekuwa anashuka na mtoto mkononi akapishana nao bila yeyote kusimama. Sindano alisimamisha cherehani ili asikie. Hakuna mguu uliojikwaa.